Mpini wa Rangi ya Asali

Kisu cha kukunja kilichotengenezwa vizuri hukijui kwa macho. Unakifungua taratibu karibu na sikio. Bapa linatoka ndani ya mpini, linafika nusu ya njia na kutulia kidogo, kisha linamalizia mwendo wake na kutoa mlio mmoja, mfupi na mkavu. Kikilia mara mbili, pini haikukaa sawa. Kisipolia, springi ni legevu, na siku moja kitamfungia mwenyewe vidoleni.

Nimefanya kazi hiyo miaka mingi katika chumba cha chini cha nyumba yetu, Mji Mkongwe. Asubuhi nasomesha watoto katika chuo cha Kurani, adhuhuri nasali, kisha nakaa kwenye meza yangu mpaka alasiri. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa kazi mbili ambazo zote zinamtaka mtu asiwe na haraka. Ninayoyaandika hapa yametokana na siku moja niliyokuwa na haraka.

Ufundi sikuupata kwa wahunzi. Nilifundishwa na jirani yetu, Mhindi wa dini ya Kihindu aliyekuwa akitengeneza saa mtaa wa pili. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, alipata nafasi nyingi ya kunifundisha. Alikuwa akichukua karatasi nyembamba ya sigara na kujaribu kuipenyeza baina ya springi na mgongo wa bapa. Ikipita, ananirudishia kisu bila ya kusema kitu. Kisu changu cha kwanza nilirudishiwa miezi minne. Siku karatasi ilipokataa kupita alikifungua na kukifunga mara tatu, akasema, "Sasa, maalim, hiki si kisu tena. Hii mashine."

Watu huniuliza kisu kama hicho cha nini, na embe hukatwa hata kwa kisu cha jikoni. Nimewaona madaktari na wafanyabiashara, watu wazima wenye wajukuu, wamekaa barazani kwangu wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga, wamesahau walichokuja kusema. Mkono wa mtu unapenda kitu ambacho sehemu zake zimeelewana. Unapitisha kidole pale mfupa unapokutana na shaba, na pale shaba inapokutana na chuma, na kidole hakijui kimevuka mpaka. Nilikuwa nikiiona hiyo ni starehe ya halali, na bado naiona hivyo.

Mpini ndio unaouza kisu. Mimi natumia mpingo, na mara nyingine mfupa wa ng'ombe, ule wa muundi, kwa kuwa ni mnene na umenyooka. Mfupa unachemshwa, unatolewa mafuta, unakaa kivulini mwaka mzima, halafu ndio unakatwa mabamba mawili na kupigwa msasa. Lakini kabla ya yote hayo kuna suala moja ambalo sikupata kuacha kumuuliza anayeniletea: huyu kachinjwa? Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnyama aliyekufa bila ya kuchinjwa ni nyamafu, na mfupa wake ni najisi kama nyama yake. Anayesali hali ameubeba, sala yake haikusihi, ni kama hakusali. Wenzetu wa Hanafi wanasema mfupa hauna uhai, kwa hiyo haufi, na wao wana dalili zao. Lakini mimi nawasomesha watoto kwa Shafi, na kwa Shafi naishi.

Rafiki yangu alikuwa mchinjaji. Tulisoma chuo kimoja tangu utotoni, tukakaa mkeka mmoja, tukapigwa bakora moja. Mimi nikaendelea na vitabu, yeye akaenda machinjioni na akafanya kazi pale mpaka mgongo ulipomkataa. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya dini, lakini sikupata kumjua mwangalifu kuliko yeye. Akiletewa mbuzi amelala chini hawezi kusimama, anamwinua kichwa, anamtazama macho, anasubiri. Kama hana hakika mnyama yule yu hai, anaweka kisu chake chini na kuondoka, mwenye mbuzi apige kelele anavyotaka. Mjini watu walikula nyama bila ya wasiwasi kwa sababu yake. Na makali alinifundisha yeye. Mhindi alinifundisha kuunganisha, lakini kunoa nilijifunza kwa huyu, aliyekuwa akisema kwamba mnyama asijue kama kisu kimeshapita.

Alipostaafu nilitaka kumtengenezea kisu ambacho sikupata kumtengenezea mtu.

Bapa nililikata kwenye chuma cha beringi kubwa ya mashine, nikalipasha moto na kulichovya mafutani mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza lilipinda unene wa unywele. Springi niliisugua kwa tupa siku tisa. Ukafika wakati wa mpini, na sikuwa na mfupa uliostahiki. Ndipo akaja mtu mmoja kutoka upande wa Kizimbani, mkulima wa viungo, ambaye huniletea mifupa na majani ya mchaichai. Aliufungua mfuko, na ndani mlikuwa na muundi mmoja mkubwa, tayari umeshakauka, wenye rangi ambayo sikupata kuiona kwenye mfupa. Ulikuwa na wekundu wa mbali ndani ya weupe, kama asali iliyomwagika kwenye maziwa.

"Huyu kachinjwa?" nikamuuliza.

"Ng'ombe wangu mwenyewe huyo, maalim. Nimemlea mimi tangu ndama."

Mtu yule alinijibu kwa adabu, na mimi nikaichukua adabu yake kuwa jibu. Ningemuuliza tena, lakini kumuuliza mtu mzima mara mbili kitu hicho hicho ni kama kumwambia hukumwamini, nasi hatukulelewa hivyo. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba mkono wangu ulikuwa umeshaushika mfupa ule na haukutaka kuurudisha.

Kisu kilitoka kizuri kuliko kazi zangu zote. Rafiki yangu alikipokea nyumbani kwake Mpendae, akakifungua karibu na sikio, akakifunga. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama mpini kwa muda.

"Rangi gani hii, shekhe?"

"Ya asali. Si umeipenda?"

"Nnaipenda," alisema, na akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kwa miaka sita hakikutoka pale ila kwa kumenya chungwa.

Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito asubuhi na mwepesi kidogo jioni. Nikawa nakwenda kila siku baada ya alasiri. Mkewe alikuwa akiniwekea kiti karibu na kitanda, na rafiki yangu alikuwa akigonga mfuko wa shati kwa mkono wa kushoto. Kisu kama kile kinataka mikono miwili, mmoja ushike mpini na mwengine uingize ukucha kwenye mfuo mdogo wa bapa. Hakuweza tena. Kwa hiyo mimi nilikitoa, nikakifungua karibu na sikio lake, nikakifunga. Mara tano, mara kumi. Alikuwa akifumba macho. Kisha nikakirudisha mfukoni, mimi na mkewe tukamtayamamisha kwa udongo badala ya udhu, na magharibi ilipoingia tukasali pamoja, mimi nimekaa kitini kwa ajili ya magoti yangu, yeye amelala, anarukuu na kusujudu kwa kope za macho.

Tuliendelea hivyo miezi miwili. Namshukuru Mungu kwa miezi ile.

Siku moja ya Jumamosi yule mtu wa Kizimbani alikuja na mfuko wake. Akatoa muundi mweupe wa kawaida. Nikamwambia, kwa mzaha tu, kwamba tangu ule wa asali hajaniletea tena mfupa wa maana.

"Aa, maalim, ule hupati mwengine," alisema akicheka. "Yule aliumwa na nyoka. Tulimkuta asubuhi kalala, kakauka. Damu yote imebaki ndani, ndo ikapanda mpaka mifupani. Huyu wa leo kachinjwa, damu imetoka. Hawezi kuwa na rangi ile."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

Aliacha kucheka. "Uliniuliza wa nani, maalim. Au sivyo? Nkakwambia wangu."

Sikubishana naye. Nilimwandalia chai, akanywa, akaenda zake. Nikakaa na tupa mkononi mpaka adhana ya alasiri. Nilichokuwa nakitazama miaka sita na kumhimidi Mungu kwa uzuri wake kilikuwa damu ya mzoga. Na nilikiweka juu ya moyo wa mtu ambaye maisha yake yote alisimama mlangoni kuzuia mizoga isiwafikie watu.

Siku ile nilikwenda Mpendae nimeshaamua kumwambia. Mkewe alinipokea uani. "Leo kanitukana, shemegi," alisema, na uso wake ulikuwa umekunjuka. "Kanambia uji wangu kama gundi ya mabango. Ulimi unarudi." Nikaingia. Rafiki yangu akagonga mfuko wake. Nikakitoa kisu, nikakifungua karibu na sikio lake.

Sikumwambia siku ile. Wala ya pili. Nilijua kitu nitakachomwambia kina maana gani. Mtu huyu hawezi kujigeuza kitandani. Nikimwambia kwamba ana sala za miaka sita ambazo hazikusihi, atataka kuzilipa zote, na pumzi aliyonayo haitoshi hata za mwezi. Nikajipa hoja. Nikafungua vitabu nilivyokuwa sijavifungua tangu ujanani, nikatafuta kauli ya zamani ya Imamu Shafi, kwamba asiyejua hana dhambi wala halazimiki kurudia sala. Ipo. Nilijua ipo. Nilijua pia kwamba ningewafukuza darasani wanafunzi wangu kama wangetafuta elimu kwa namna nilivyoitafuta mimi wiki zile, kwa kurudi nyuma kutoka kwenye jibu ninalolitaka.

Wakati huo huo niliendelea kukaa kwenye kile kiti, nikifungua, nikifunga, nikikirudisha mfukoni mwake, na kusali ubavuni mwake nikijua.

Siku ya ishirini nilimwambia kwamba pini imelegea na nataka kukichukua nikikaze. Alinitazama, akaniachia. Nyumbani nilizitoa pini za shaba, nikayang'oa yale mabamba mawili, nikaosha chuma, na nikaweka mpingo mahali pake. Mabamba nilitaka kuyazika siku ile ile. Sikuyazika. Niliyafunga kwenye kitambaa na kuyaweka kwenye droo, na nikajiambia nitayazika kesho. Mkono haukuwa umeacha kuyapenda.

Nilimrudishia kisu baada ya siku mbili. Nilikifungua karibu na sikio lake, kikalia vizuri. Akanyosha mkono wa kushoto, nikamwekea kiganjani. Kidole gumba kikapita juu ya mpini mara moja.

"Huyu siye," alisema.

"Ndiye. Nimekaza pini tu."

"Mfupa una baridi. Huu una moto. Umenitilia mti."

"Mfupa ulipasuka," nikasema. "Sikutaka kukusumbua."

Nina miaka sabini na kitu, nimesomesha watoto wa watu maana ya ukweli, na niliyasema maneno yale bila ya kusita.

"Niletee vipande," akasema.

"Vya nini sasa?"

"Mie nshaona mifupa mingi kuliko weye, shekhe. Nnataka kuona ulipasukaje."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Alitutazama, akageuka, akarudi jikoni. Nje kuna mtu alikuwa akipigilia bati, anapiga, anapumzika. Halafu nikamwambia. Nilimwambia habari ya mtu wa Kizimbani, nyoka, na suala nililouliza mara moja ambalo nilipaswa kuliuliza mara mbili. Alinisikiliza akitazama dari.

"Ndiyo maana," alisema alipomaliza kufikiri. "Siku uliyonipa niliiona ile rangi. Mfupa wa mnyama aliyetoka damu vizuri huwa mweupe. Nkajisemea, huyu hakuchinjwa. Kisha nkajisemea, maalim anauliza. Maalim hawezi kuacha kuuliza. Nkanyamaza."

Mchinjaji wa miaka arubaini aliyakana macho yake mwenyewe kwa sababu ya suala langu.

"Umejua lini?"

Nilitamani asiulize hilo. "Jumamosi ile, ulipomtukana mkeo kwa ajili ya uji."

Akahesabu. Midomo ilikuwa ikitikisika. "Siku ishirini," alisema. "Ukakaa hapo hapo."

"Kisheria wewe hukujua, ndugu yangu. Kuna kauli…"

"Kauli yako ungeniletea siku ya kwanza."

Akafumba macho, na nilidhani amelala. Kisha akasema, neno kwa neno, kwa ulimi ule mzito: "Hiyo miaka sita ntamwambia Mola wangu kwamba nlimwamini mtu. Atanielewa. Lakini hizo siku ishirini ntazilipa. Ujuzi ulikuwamo chumbani humu. Ulikuwa umekaa kitini."

Siku ishirini ni sala mia. Nilimwomba anisikilize kama mwanachuoni, si kama rafiki, kwamba hana wajibu huo. Akaniomba sinia la udongo kwa ajili ya kutayamamu.

Akawa analipa sala tano kila siku, zaidi ya zile za siku yenyewe. Kwa mtu mwenye afya ni kazi ya nusu saa. Kwake ilikuwa ni alasiri nzima. Akisahau ni rakaa ya ngapi, na kiharusi kilimfanya asahau sana, anaanza upya. Kwa hiyo akaniwekea kazi: nikae kitini na nimhesabie kwa sauti, "Hii ya pili. Hii ya tatu." Hakukigonga tena kifuko cha shati. Kisu nilichomrudishia kilibaki kwenye meza ya dawa, na siku moja nilimkuta mkewe akikatia bamia kwacho.

Hatukugombana. Alinisalimia kila siku, aliniuliza hali ya magoti yangu, na mara moja, alipokosea rakaa kwa mara ya nne katika adhuhuri moja, akasema, "Shekhe, huyu ndiye uliyesoma naye mkeka mmoja?" Nikacheka, na yeye kidogo. Lakini maneno tuliyokuwa nayo tangu utotoni, yale yasiyo na kazi, hayakurudi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyasubiri. Nilikuwa nikifika na habari za mjini, nani kaoa, nani kafungua duka, nami nazikuta hazina pa kutua.

Siku ya kumi na mbili nilimkuta anapumua kwa shida, lakini alitaka kusali. Tulifika isha. Nilihesabu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kope zake zilishuka kwa sijda ya mwisho, zikapanda, akatoa salamu kwa kugeuza macho, kulia kisha kushoto. Nikamwambia sitini zimetimia. Alfajiri iliyofuata alifariki. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, kwa kuwa mwenyewe aliusia hivyo zamani, na hakuna aliyejua sababu ya kuubadilisha usia ule.

Baada ya hitma, wanawake walipokuwa wakikusanya vyombo, mkewe alikuja uani nilipokuwa nakunywa kahawa. Alikuwa amejifunga kaniki, na amekonda.

"Shemegi," alisema, "zimebaki ngapi?"

Nilidhani hajui. Nilisahau kwamba jikoni na chumba cha mgonjwa vimetenganishwa na pazia.

"Arubaini."

"Nani atazilipa?"

Nikaanza kumweleza kwamba katika madhehebu yetu sala zilizompita maiti hazilipwi na mtu mwengine, hilo ndilo neno lenye nguvu, na kwamba rehema ya Mungu ni pana. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Hivyo unavyosema, yeye alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Na bado alizianza."

Akachukua kikombe changu, ambacho kilikuwa bado hakijamalizika, akaenda nacho.

Katika vitabu vyetu ipo kauli dhaifu ya baadhi ya maulamaa kwamba aliye hai anaweza kumlipia marehemu sala zilizompita. Miaka arubaini nimewafundisha watoto kwamba haifuatwi, na bado nawafundisha hivyo, kila asubuhi, kwenye mkeka ule ule. Baada ya adhuhuri nateremka chumba changu cha chini, nafunga mlango, na kabla ya kukaa kwenye meza ya kazi nasali moja ya zile arubaini. Nimefika ya kumi na saba. Mara nyingine katikati ya rakaa nashindwa kukumbuka ni ya pili au ya tatu, na hakuna aliyekaa kitini wa kunihesabia, basi natoa salamu na kuanza tena.